Kununua Nyumba na Shamba kwa Rehani: Maswali ya Wakulima na Majibu Yake

Siku za soko ofisi yetu ya kilimo hujaa watu. Wengine huja kuuliza habari za mbegu na dawa ya kupe, lakini siku hizi wengi huja na karatasi za mkopo mkononi. Mmoja ataka kununua shamba la jirani lenye nyumba ya mawe. Mwingine ataka nyumba karibu na mji ili watoto wapate shule. Wote hawana fedha za kutosha, nao wameambiwa ya kwamba njia iliyopo ni kuweka rehani.

Mimi si wakili. Mimi ni karani, na kabla ya hapo nilifunzwa kazi ya ualimu. Lakini maswali yale yale huulizwa tena na tena, nami nimeona yafaa kuyaandika pamoja na majibu, ili mkulima ayasome nyumbani, yeye na mwenzi wake, kabla hajatia sahihi mahali po pote.

Kwanza sikilizeni habari hii. Miaka michache iliyopita ndugu wawili walikuja ofisini na mkebe wa majani ya chai. Ndani ya mkebe mlikuwa na risiti za marehemu baba yao, zimefungwa kwa uzi, mwaka baada ya mwaka. Mzee huyo alipata shamba katika mpango wa makazi, akalilipia mpaka shilingi ya mwisho. Sasa wanawe walitaka kukopa kwa shamba hilo ili wanunue nyumba. Lakini daftari la ardhi lilipotazamwa, ilionekana ya kwamba shamba bado limeandikwa kuwa na rehani ya Mfuko wa Makazi. Mzee alilipa deni, lakini hakwenda kuchukua hati ya kuondoa rehani wala kuiandikisha. Ilibidi vijana waanze safari za mahakamani na za ofisi ya ardhi, na kabla hawajamaliza nyumba waliyoitaka ilinunuliwa na mtu mwingine. Deni lilikuwa limekwisha ndani ya mkebe, lakini halikuwa limekwisha ndani ya daftari.

Basi, mkulima, shika neno hilo moja unaposoma majibu haya: katika mambo ya ardhi, sheria hutazama kwanza lililoandikwa katika daftari.

1. Rehani ni nini? Nikiweka rehani, shamba huwa la benki?

La. Kwa Sheria ya Ardhi ya 2012 rehani ni dhamana tu ya deni. Shamba hubaki lako, na jina lako hubaki katika daftari. Utalima, utakama, utavuna kama kawaida. Ila katika daftari huongezwa mstari mmoja unaosema ya kwamba benki, au chama cha akiba na mikopo, kinakudai. Mstari huo ukiwapo huwezi kuuza wala kugawa shamba bila ruhusa ya mkopeshaji, na ukishindwa kulipa yeye ana haki ya kuuza.

Jambo hili si geni kwetu watu wa mashamba ya makazi. Mpango wa Ekari Milioni Moja ulipoanza mwaka 1962, wakulima walipewa ardhi kwa mkopo wa kulipwa polepole, na ardhi yenyewe ikawa dhamana. Rehani ya leo ni mtoto wa ukoo ule ule, ila riba yake ni kubwa zaidi na mwenye kudai hangoji miaka mingi.

2. Muuzaji amenionyesha hati ya kumiliki ardhi. Je, haitoshi?

Haitoshi. Hati aliyo nayo muuzaji ni karatasi iliyotolewa siku fulani. Tangu siku ile mambo mengi huenda yameandikwa katika daftari ambayo hayamo katika karatasi hiyo. Tena zipo hati za uongo, na kwa macho ni vigumu kuzitambua.

Nenda ofisi ya ardhi, au tumia huduma ya serikali katika mtandao pale inapopatikana, uombe daftari la shamba hilo lipekuliwe. Watu wengi huita kazi hii kufanya sachi. Unahitaji namba ya shamba. Daftari lina sehemu tatu. Ya kwanza yaeleza shamba lenyewe na ukubwa wake. Ya pili yaeleza mwenye shamba ni nani. Ya tatu yaeleza mizigo iliyo juu ya shamba: rehani, onyo lililowekwa na mtu anayedai haki, au amri ya mahakama. Isome hiyo ya tatu mara mbili.

Pekua mara ya kwanza kabla ya mapatano, na mara ya pili kabla tu ya kulipa fedha nyingi. Halafu tembea mipakani pamoja na mpima ardhi na majirani. Daftari halitakuambia ya kwamba kuna mtu amejenga na kulima ndani ya shamba kwa miaka kumi na tano. Majirani watakuambia.

3. Shamba ninalolitaka lina deni. Naweza kulinunua?

Laweza kununuliwa, lakini usimpe muuzaji fedha mkononi kwa ahadi ya kwamba "atakwenda kulipa benki". Mwambie alete barua ya mkopeshaji wake inayotaja deni lote lililobaki mpaka siku fulani. Kisha mawakili wa pande zote mbili wapatane kwa maandishi ya kwamba sehemu ya bei italipwa moja kwa moja kwa mkopeshaji huyo, naye atatoa hati ya kuondoa rehani. Kinachobaki ndicho cha muuzaji.

Ikiwa ni shamba la mpango wa makazi ambalo deni lake halijaisha, uwe mwangalifu zaidi. Barua ya kugawiwa shamba si hati ya kumiliki. Tena sheria ya 2012 imeweka vizuizi vyake juu ya kuhamisha mashamba ya makazi. Nenda kwanza kwa afisa wa makazi wa kaunti yako, uulize juu ya namba hiyo hasa, upate jibu kwa maandishi. Usitoe hata shilingi ya arbuni kabla ya jibu hilo.

4. Mwenye hati amekufa. Mwanawe anataka kuniuzia. Je, aweza?

Hawezi mpaka mambo ya urithi yamalizike. Kwa Sheria ya Urithi, ardhi ya marehemu haiuzwi kabla mahakama haijathibitisha ile ruhusa ya kusimamia mali yake. Barua ya chifu haitoshi, wala mkutano wa ukoo hautoshi, hata kama wazee wote wametia dole gumba. Ukinunua kwa mwana mmoja leo, kesho dada zake watafika mahakamani na haki yao, nawe utabaki na karatasi tu. Wala benki haitakubali kukukopesha kwa ardhi ya namna hiyo.

5. Tumepatana bei. Nifanye nini sasa?

Mapatano ya kuuza ardhi lazima yaandikwe, yatiwe sahihi na pande zote, na kila sahihi ishuhudiwe. Mapatano ya maneno, hata yakinywewa chai mbele ya mashahidi ishirini, hayana nguvu ya kukusaidia mahakamani. Kwa desturi mnunuzi hutoa asilimia 10 ya bei kwanza. Hakikisha imeandikwa ya kwamba fedha hizo zitarudishwa ikiwa mkopo wako utakataliwa au kibali kitakosekana.

Kibali gani? Kwa shamba la kilimo lililo katika eneo la kusimamiwa, lazima upate kibali cha bodi ya ardhi. Ni sheria iliyoanza mwaka 1967. Ombi lipelekwe ndani ya miezi sita tangu siku ya mapatano. Na jambo ambalo wengi hawalijui ni hili: kibali cha kununua ni kimoja, na kibali cha kuweka shamba rehani ni kingine. Bila kibali mapatano huhesabiwa kuwa si kitu, na ulichokilipa utakidai kama deni la kawaida. Ni kweli mahakama pengine zimewaokoa wanunuzi waliokaa na kulima kwa uaminifu bila kibali, lakini kesi kama hizo huchukua miaka mingi, na gharama yake yaweza kula ng'ombe wote zizini.

6. Shamba liko kwa jina langu peke yangu. Kwa nini mke wangu aitwe?

Kwa sababu nyumba mnayokaa ni ya ndoa, hata kama daftari lina jina moja. Kwa Sheria ya Ardhi ya 2012, rehani ya nyumba ya ndoa haina nguvu isipokuwa mume au mke anayekaa humo ametia sahihi, au kuna ushahidi ya kwamba amekubali. Sheria ya Mali ya Ndoa ya 2013 nayo yataka kukubali huko kuwe kwa maandishi, na mtu awe ameelezwa vema anachokikubali.

Wako wanaume waonao hili kama usumbufu. Lakini fikiri, bwana. Ikiwa shamba litauzwa, nani atakayefungasha vyombo pamoja nawe? Mkopo wa siri ni mkopo usio na msaidizi. Nawe, mama, usitie sahihi kwa kuambiwa "weka tu hapa". Uliza ni fedha ngapi, za kazi gani, za miaka mingapi, na ni ardhi ipi inayowekwa. Mara nyingi nyumba inayonunuliwa iko mjini, lakini inayowekwa rehani ni ile ile ekari ya mashambani inayolisha watoto. Hapo mkishindwa kulipa, shamba ndilo litakalouzwa.

7. Benki ina wakili wake. Je, huyo hatoshi kwa wote?

Wakili wa benki hulinda benki, ingawa mara nyingi wewe ndiwe utakayemlipa. Tafuta wako, hata kama ni kwa kusomewa hati ya rehani tu. Ndani ya hati hiyo utatia sahihi mahali pa kukiri ya kwamba umeelewa haki za mkopeshaji ukishindwa kulipa. Usikiri jambo usiloelewa. Omba lielezwe kwa Kiswahili au kwa lugha yenu.

Weka pia fedha za gharama kando, maana hizi huwashangaza wengi. Ushuru wa stempu wa kuhamisha ardhi ni asilimia 2 ya thamani katika sehemu za mashambani, na asilimia 4 katika miji. Ushuru wa hati ya rehani ni moja ya kumi ya asilimia moja ya mkopo. Basi shamba la mashambani la Sh. 1,000,000 lina ushuru wa Sh. 20,000, na rehani ya Sh. 600,000 ina ushuru wa Sh. 600. Ongeza malipo ya wakili, ya mthamini na ya kuandikisha.

8. Nitalipa kiasi gani hasa?

Hapa tufanye hesabu kama darasani. Chukua mkopo wa Sh. 600,000, wa miaka 10, kwa riba ya asilimia 14 kwa mwaka. Kiwango hicho ni cha mfano tu. Chako utakiona katika barua ya benki. Malipo ya kila mwezi yatakuwa karibu Sh. 9,316. Katika mwezi wa kwanza Sh. 7,000 ni riba, na Sh. 2,316 tu ndizo zinazopunguza deni. Baada ya mwaka mzima utakuwa umetoa zaidi ya Sh. 111,000, lakini deni litakuwa limepungua kwa karibu Sh. 29,600. Kwa miaka yote 10 utalipa karibu Sh. 1,118,000.

Sisemi usikope. Nasema ujue. Ukiweza kuongeza kidogo miaka ya mwanzo, kidogo hicho hufanya kazi kubwa, kwa hiyo uliza kama kuna adhabu ya kulipa mapema. Uliza pia kama riba yaweza kubadilika. Ikiwa yaweza, sheria yataka upewe taarifa ya maandishi ya siku 30 kabla ya kupandishwa. Na ikiwa mapato yako ni ya mavuno ya mara moja kwa mwaka, omba tarehe za kulipa zifuate mavuno, na ziandikwe hivyo. Mwenye maziwa hupata fedha kila mwezi. Mwenye ngano hapati.

9. Mvua ikikosa nikashindwa kulipa, itakuwaje?

Mkopeshaji hawezi kuja kesho na dalali. Sheria imepanga hatua. Kwanza, ukikaa mwezi mzima bila kulipa, atakuletea barua inayotaja kosa, kiasi unachotakiwa kulipa, na muda usiopungua miezi 3 wa kukilipa. Pili, muda huo ukipita, atakupa taarifa ya siku 40 ya kwamba anakusudia kuuza, na nakala humfikia mume au mke pia. Tatu, dalali wa mnada hutoa taarifa yake ya siku 45, kisha hutangaza gazetini, na mnada hauwi kabla ya siku 14 tangu tangazo la kwanza. Ukijumlisha ni zaidi ya miezi sita.

Wakulima wengi huziweka barua hizi chini ya godoro. Hilo ndilo kosa kubwa kuliko kukosa mvua. Barua ya kwanza ikifika, nenda kwa mkopeshaji wiki hiyo hiyo na maelezo yako, uombe muda au malipo mapya, na mkikubaliana yaandikwe. Ukiona hatua imerukwa, au mwenzi wako hakukubali rehani tangu mwanzo, wewe au mwenzi wako mnaweza kwenda mahakamani. Nendeni mapema, si asubuhi ya mnada.

Mkopeshaji ana wajibu wa kutafuta bei nzuri, na kabla ya kuuza lazima shamba lithaminiwe. Likiuzwa kwa bei iliyo chini ya ile ya soko kwa asilimia 25 au zaidi, sheria humhesabu kuwa hakutimiza wajibu wake mpaka athibitishe vingine. Mpaka nyundo ya dalali igonge, una haki ya kulipa deni lote na gharama, ukakomboa shamba lako. Likiuzwa na fedha zikazidi deni, baki ni yako; idai. Zikipungua, bado wadaiwa. Na kama mkopo ni wa benki, jua ya kwamba tangu mkopo uhesabiwe kuwa umekwama, riba itakayodaiwa haiwezi kupita kiasi cha deni la asili lililobaki siku hiyo. Waombe wakuonyeshe hesabu.

10. Nimemaliza kulipa. Sasa nifanye nini?

Hapa turudi kwa wale ndugu wawili na mkebe wao. Kumaliza kulipa ni nusu ya kazi. Mwombe mkopeshaji mambo matatu: barua ya kwamba deni limekwisha, hati ya kuondoa rehani iliyotiwa sahihi, na hati yako ya kumiliki ardhi ikiwa ilikuwa kwake. Hawezi kukunyima, ukishalipa yote, kuondolewa rehani ni haki yako, na maneno yo yote ya mapatano yanayoizuia hayana nguvu. Peleka hati hiyo ofisi ya ardhi iandikishwe. Halafu, baada ya wiki chache, pekua daftari tena, kama ulivyofanya siku ya kwanza. Ukiona sehemu ya tatu haina tena jina la mkopeshaji, ndipo urudi nyumbani uchinje kuku.

Nanyi ambao wazazi wenu walipata mashamba katika mipango ya zamani, msingoje mpaka mtake kukopa. Fungueni mikebe hiyo sasa, mzee angali hai na angali akumbuka ni ofisi gani alilipa na mwaka gani. Chukueni namba ya shamba, mkapekue daftari. Ikiwa rehani ya zamani ingali imeandikwa, pelekeni risiti kwa afisa wa makazi, mwombe hati ya kuiondoa. Mzee akiwa hai aweza kutia sahihi mwenyewe. Akiisha kufa, kazi hiyo hiyo hupitia mahakamani, na ndugu huanza kutazamana kwa macho mengine.

Haraka haraka haina baraka. Muuzaji akikuambia "lipa leo, kesho kuna mwingine", mwache huyo mwingine alipe. Wewe nenda kwanza ukasome daftari.